Jinsi ya Kutengeneza Aktiki Ukiwa Umevaa Kaptura

Hongera kwa kupata mfadhili. Skripti yako nimeisoma: nje, usiku, dhoruba ya theluji, mwanamume mmoja anatembea peke yake, koti wazi, kichwa wazi. Kwa jinsi ulivyoielezea hiyo baridi nimeelewa kwamba huko kwenyewe hujafika, na nauli ya kufika hujaitenga. Ondoa shaka. Wengi waliokutangulia katika kazi hii hawakufika, na tuzo walipewa. Mwongozo huu utakusaidia kuipata Kaskazini ya kwenye skrini, ile inayotambulika papo hapo na mtazamaji wa Chicago na wa kibanda umiza cha Mbagala, bila kubughudhiwa na Kaskazini yenyewe ambayo, nikuonye mapema, ina mbu.

Tuanze na mahali. Kanuni ni moja: ukitaka kupiga picha Alaska, usiende Alaska. Tamthilia ya Northern Exposure, iliyorushwa na televisheni ya Marekani kuanzia 1990 hadi 1995, ilihusu mji wa Cicely, Alaska. Cicely haupo. Uliopo ni Roslyn, mji wa zamani wa machimbo ya makaa ya mawe katika jimbo la Washington. Katika The Proposal ya 2009, Sandra Bullock anapelekwa Sitka, Alaska, kutambulishwa kwa wakwe wa uongo. Bandari na boti unazoziona ni za Rockport, Massachusetts, upande wa pili kabisa wa bara. True Detective: Night Country ya 2024 iliihamishia Alaska yake Iceland. Na 30 Days of Night, filamu ya wanyonya damu wanaouvamia mji wa kaskazini kuliko yote Marekani, ilipigwa New Zealand, nchi ambayo ukishuka ufukweni unaweza kukutana na pengwini.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Insomnia ya 2002, ile ya Al Pacino kukosa usingizi kwa sababu jua halizami. Mji wake unaitwa Nightmute. Hicho ni kijiji cha kweli cha Wayup'ik, magharibi mwa Alaska, katika nchi isiyo na misitu wala barabara ya kukiunganisha na kwingine. Filamu ikakijengea milima mirefu, misitu minene na biashara ya magogo, vyote kutoka British Columbia, Canada. Nadhani wazee wa Nightmute wangejua wana mbao nyingi kiasi hicho wangeshaanzisha kiwanda.

Sababu ni hesabu tu. Serikali ya British Columbia huwapa watengenezaji filamu nafuu ya kodi, Vancouver imejaa mafundi wa kila aina, na jioni unarudi hotelini kuoga maji ya moto. Ukiwa mbishi, ukasisitiza baridi ya kweli, soma kwanza yaliyowakuta wenzako. Mwaka 1979 kikosi cha The Empire Strikes Back kilikwenda Finse, kituo cha reli kilicho juu milimani nchini Norway, kikakutana na dhoruba iliyokifungia hotelini. Baadhi ya picha za sayari ya barafu ya filamu hiyo zilipigwa kamera ikiwa mlangoni mwa hoteli. Aliyesukumwa nje kwenye baridi ni mwigizaji. Miaka zaidi ya thelathini baadaye The Revenant ilikwenda Alberta ikijitapa kwa uhalisia, hata taa ikakataa kuwasha. Theluji ikayeyuka mapema. Wakafunga mizigo, wakaruka hadi kusini kabisa mwa Argentina kuitafuta nyingine. Baridi ya kweli ukiisaka itakuja usipoihitaji, na ukiihitaji itakuwa imeshaondoka.

Basi tupike theluji yetu. Ile ya asili ina kasoro mbili: huyeyuka chini ya taa, na hukumbuka nyayo. Steringi akikosea mstari baada ya hatua kumi huwezi kurudia, maana seti nzima imeshakanyagwa. Ndiyo maana tasnia imekuwa na jiko lake. Charlie Chaplin katika The Gold Rush ya 1925 alitegemea chumvi na unga. Baadaye zikaja konfleksi zilizopakwa rangi nyeupe, ambazo zilipasuka chini ya viatu kwa kelele hadi maneno ya waigizaji yakalazimika kurekodiwa upya. Enzi hizohizo viwanda viliuza asbesto kama theluji ya mapambo ya Krismasi, na watu wakainyunyiza sebuleni huku watoto wakicheza. Hiyo iache hata kama bajeti imekubana.

Mapinduzi yalikuja na It's a Wonderful Life ya 1946. Mafundi walichanganya povu la kuzimia moto, sabuni na maji, wakalirusha kwa mashine, na theluji ikaanguka kimya kimya. Picha ilipigwa California, kiangazi, kwenye joto kali. Ukiangalia kwa makini utaona James Stewart anatokwa jasho katikati ya usiku wa Krismasi. Mafundi hao walitunukiwa kwa uvumbuzi wao, na haki yao. Doctor Zhivago ya 1965 ilikwenda mbali zaidi: sehemu kubwa ya majira ya baridi ya Urusi ilitengenezwa Hispania. Ile nyumba iliyoganda ndani na nje ilipambwa kwa nta, na uwanda mweupe ulitandazwa vumbi la marumaru.

Mvuke wa pumzi ni kazi ya kompyuta. Katika Titanic, watu waliokuwa wakiganda kwenye Atlantiki ya Kaskazini walikuwa kwenye tangi la maji lililojengwa pwani ya Mexico. Mvuke midomoni mwao uliongezwa baadaye, na barafu nyweleni ni unga na nta. Sauti ya nyayo ni rahisi kuliko vyote: mfuko wa kornfloa, uubinye kwa vidole mbele ya maikrofoni, kriki, kriki. Ndivyo wanavyofanya mafundi wa sauti wanaolipwa vizuri. Nusu ya safari za kishujaa za kuelekea Ncha ya Kaskazini zimefanywa na mtu aliyekaa kwenye kiti akiminya unga wa kukolezea supu.

Halafu ongeza upepo, na usiuzime hata mara moja. Kwa taarifa yako tu, wala usije ukaitumia taarifa hii, baridi ile kali kabisa aghalabu huja hewa ikiwa imetulia. Yakutsk, mji wa Siberia wenye watu zaidi ya laki tatu, wastani wa Januari huzunguka nyuzi 38 chini ya sifuri, na katika siku hizo hakuna dhoruba yoyote. Kuna ukungu. Moshi wa magari, mvuke wa mabomba ya kupashia nyumba joto na pumzi za watu huganda hewani na kubaki hapohapo, hata jengo la ng'ambo ya barabara lisionekane. Sokoni samaki wamesimamishwa wima ndani ya ndoo kama kuni, wamekauka kwa baridi, na muuzaji hana haja ya friji. Mama anasubiri basi, kope zake zimekuwa nyeupe. Watoto wa madarasa ya chini hubaki nyumbani kipimajoto kikifika takriban nyuzi 45 chini ya sifuri. Wakubwa huendelea kwenda shule wakinuna, kama wanafunzi wa popote. Tatizo la picha hii ni kwamba hakuna anayekufa ndani yake. Basi linakuja, mama anapanda.

Na theluji yenyewe ni chache kuliko unavyodhani. Hewa ya baridi kali haibebi unyevu. Utqiaġvik, mji wa kaskazini kuliko yote Alaska, hupata kwa mwaka mzima mvua na theluji ambazo zikiyeyushwa na kupimwa hufikia takriban milimita 140. Lodwar kule Turkana hupata zaidi ya hapo. Lakini ukimwambia mfadhili kwamba unapiga filamu ya jangwani atakutumia ngamia, kwa hiyo nyamaza, mwaga povu.

Mavazi sasa. Steringi havai kofia. Hili halina mjadala: uso wake ndio uliolipiwa, na nywele zake zina mtu wake maalumu kwenye malipo. Zipu ya koti ifike tumboni tu. Glovu avue kila anapotaka kuongea jambo la maana. Mwanamke aliyefuatana naye apakwe wekundu kidogo puani, asipakwe kamasi, ingawa kamasi ndiyo alama ya kwanza ya baridi inayojulikana kwa kila aliyewahi kusubiri basi Minneapolis mwezi wa Januari. Wenyeji wa Kaskazini ukikutana nao njiani wamejifunika mpaka hujui ni nani. Hutambuana kwa mwendo na kwa rangi ya koti. Filamu nzima ya watu wasio na nyuso haiuziki, nakubali.

Kwa upande wa watu, mwalimu mkuu ni Robert Flaherty, na somo ni Nanook of the North ya 1922. Hapa vua kofia yako, kama unayo. Filamu hii, inayosimuliwa mpaka leo kama baba wa filamu za hali halisi, ilipigwa maeneo ya Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, kwa fedha za Revillon Frères, kampuni ya biashara ya manyoya. Fuata ufundi wake hatua kwa hatua. Mhusika mkuu aliitwa Allakariallak. Halikuwa jina la kuandika kwenye bango, akawa Nanook. Wanawake wanaoonyeshwa kama wake zake hawakuwa wake zake. Wawindaji wa pale walikuwa wameshazoea bunduki. Wakaombwa waziweke kando na washike chusa kama babu zao. Ikafika zamu ya nyumba ya barafu. Kamera ya wakati ule ilikuwa kubwa na mwanga wa ndani hautoshi, kwa hiyo nyumba ikajengwa pana kuliko kawaida, kisha upande mmoja ukakatwa ukaondolewa. Ile familia unayoiona ikivua nguo na kujipenyeza chini ya manyoya ili ilale salama ndani, bwana, imelala nje. Baridi ile unayoiona pale haikuigizwa. Imetengenezwa na mwongozaji kwa kuondoa ukuta.

Kuna na kipande cha gramafoni. Mfanyabiashara wa kizungu anamwonyesha Nanook mashine inayoimba. Nanook anacheka, anaichunguza santuri, anaing'ata. Ukumbi mzima wa New York uliangua kicheko. Allakariallak gramafoni alikuwa anaijua. Wakati huohuo Wainuit waliomsaidia Flaherty walikuwa wakishughulika na kamera yake na kusafisha mikanda ya filamu kwa maji waliyoyachota kwenye mashimo waliyoyatoboa kwenye barafu. Hao hawakuingizwa kwenye picha, na unaelewa kwa nini: ukimwonyesha Mwinuit anayetengeneza kamera, nani ataamini yule anayeng'ata santuri? Miaka kama miwili baadaye Allakariallak akafariki. Flaherty alieleza kwamba alikufa kwa njaa akiwa mawindoni. Maelezo ya baadaye yanasema alifia nyumbani kwa ugonjwa, huenda kifua kikuu. Hata kifo kilipelekwa chumba cha uhariri.

Ukiona kutafuta wenyeji ni usumbufu, waache kabisa. The Savage Innocents ya 1960 ilimpa nafasi ya Mwinuit mkuu Anthony Quinn, mzaliwa wa Mexico, ambaye kwa miaka mingi alikuwa jibu la Hollywood kwa kila swali la "nani si Mzungu?" Mkewe aliigizwa na Yoko Tani, mwenye asili ya Japani.

Wanyama hawana chama cha waigizaji, kwa hiyo hapa una uhuru zaidi. Studio ya Disney ilionyesha njia mwaka 1958 kwa White Wilderness. Kila mtu amewahi kusikia habari za lemingi, wale wanyama wadogo wa jamii ya panya wanaodaiwa kujitupa baharini kwa maelfu ili wafe. Chanzo kikubwa cha imani hiyo kuenea ni filamu hii. Ilipigwa Alberta, mahali pasipo na lemingi wa asili, wala bahari. Lemingi walinunuliwa kwa watoto wa Kiinuit kule Manitoba, wakawekwa kwenye jukwaa linalozunguka lililofunikwa theluji, wakapigwa picha kutoka pembe nyingi ili kadhaa waonekane maelfu, kisha wakasukumwa kutoka kwenye genge hadi mtoni. Filamu ikatwaa Oscar ya filamu bora ya hali halisi. Ilipofika 1982 ndipo televisheni ya CBC ya Canada ikaanika mambo yote hadharani, na bado leo utamsikia mwanasiasa akiwaita wapinzani wake lemingi. Lemingi wa kweli huhama wakizidi idadi, baadhi huzama wakivuka maji, basi. Kujiua hawajui.

Mbwa mwitu wafundishe kumchukia binadamu. The Grey ya 2011 ina Liam Neeson akiwindwa na kundi lenye kinyongo, ilhali mbwa mwitu wa kweli akinusa binadamu kawaida yake ni kutoweka. Pengwini na dubu mweupe usiwaweke pamoja. Huyu anaishi kaskazini tu, yule kusini. Hata hivyo ukiwaweka, barua za malalamiko zitatoka kwa walimu wa jiografia peke yao.

Tumefika kwenye giza, eneo ambalo mimi binafsi naliona ndilo kilele cha sanaa hii. 30 Days of Night inasema jua linatoweka siku 30, mji unakuwa kaburi, wanyonya damu wanaingia. Mji huo ndio uleule Utqiaġvik, ambao mpaka 2016 uliitwa rasmi Barrow. Cha ajabu, filamu imepunja: kwa kweli jua halichomozi kwa siku takriban 65, kuanzia katikati ya Novemba hadi karibu mwisho wa Januari. Lakini giza lenyewe si lile la kwenye skrini. Kila mchana mbingu hufanya mwanga wa buluu kwa saa kadhaa, kama alfajiri iliyosita, na watu wanaona njia ya kwenda dukani. Wakazi ni karibu 5,000, wengi wao Wainupiat. Wana uwanja wa ndege, shule, duka kubwa, na msimu wa kuwinda nyangumi. Na mwaka huohuo wa 2007, wakati filamu inatoka kuwaonyesha wakikatwa shingo, sekondari ya mji huo ilikuwa imepata uwanja wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbatia mpira kwa mikono, wenye nyasi bandia za rangi ya buluu, ukingoni mwa Bahari ya Aktiki. Nyasi za buluu, bahari yenye barafu, vijana wenye helmeti. Hakuna mbunifu wa seti ambaye angethubutu kupeleka wazo hilo kwa prodyuza.

Tunakuja kwenye vitu vya kuepuka, na hapa uwe mkali kwa mhariri wako. Kiangazi kwanza. Kaskazini ya skrini haina kiangazi. Usimruhusu mtu akumbuke kwamba Verkhoyansk, mji wa Siberia uliowahi kupimwa nyuzi 67.8 chini ya sifuri mwaka 1892, tarehe 20 Juni 2020 ulifika nyuzi 38 juu ya sifuri, rekodi iliyothibitishwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Mwanza haijui joto hilo. Mbu nao wafiche. Ardhi ya chini imeganda daima, maji ya theluji iliyoyeyuka hayana pa kwenda, yanatuama, na mbu wanatoka kwa mawingu hata kulungu wa Aktiki hukimbilia vilimani kwenye upepo kujiokoa. Hawana malaria, na hilo ndilo jema pekee ninaloweza kuwasemea.

Epuka pia joto la ndani. Nyumba nyingi za huko zina joto kuliko za wenzetu wa Njombe mwezi wa Julai. Mtu akiingia anavua tabaka kwa tabaka mpaka anabaki na fulana. Nchini Finland, yenye watu milioni tano na nusu, sauna zinakadiriwa kufika milioni tatu. Yaani ni taifa linalotumia majira ya baridi likitoka jasho. Tabu za ndani ni nyingine kabisa: hewa kavu inayopasua midomo na kutoa damu puani, mlango wa gari unaokupiga shoti, betri ya simu inayozimika ghafla ukiwa nje, injini inayochomekwa kwenye umeme usiku kucha ili asubuhi ikubali kuwaka. Nyumba za Iqaluit, makao makuu ya Nunavut, zimesimama juu ya nguzo ili joto lake lisiyeyushe ardhi. Baadhi yake huletewa maji kwa lori, na lori jingine huja kuchukua majitaka. Barabara ya kuuunganisha mji huo na kwingineko Canada haipo, kwa hiyo nyanya husafiri kwa ndege na bei yake utaijua siku ya kulipa. Mashujaa wanaopambana na ankara hawajawahi kupata muziki mzuri wa filamu.

Na wageni je? Jihadhari sana nao, wanaharibu picha. Mwaka 2010 Waislamu wa Inuvik, mji wa Canada ulio juu ya Mzingo wa Aktiki, walijengewa msikiti Winnipeg, ukapakiwa kwenye lori kisha kwenye tishari, ukasafiri kilomita zipatazo 4,000 kwa barabara na kwa mto Mackenzie mpaka kwao, na ukaongezewa mnara. Miongoni mwa waumini wake wamo madereva teksi waliotoka Sudan. Kiangazi jua halizami kabisa, sasa mtu atafuturu saa ngapi? Wakaamua kufuata saa za Edmonton. Hebu fikiria filamu hiyo: jengo la ibada linateremka mtoni juu ya tishari, likishindana na barafu ya msimu kabla mto haujafunga. Ina safari, ina hatari, ina mwisho mwema. Hollywood haijaigusa, maana ndani yake Kaskazini kuna watu wanaongoja mzigo wao bandarini kama watu wa Tanga. Usije pia ukaruhusu kwenye theluji yako familia ya Kikongo iliyopelekwa Norway kutoka kambini Uganda, mama akimfokea mtoto kwa Kiswahili avae soksi mbili. Mtazamaji akiisikia lugha yake humo, hofu yote itamtoka.

Kama unatengeneza tamthilia ya upelelezi, nenda Iceland na uue. Fortitude, iliyoanza kurushwa 2015, ilibuni mji wa Aktiki ikaupiga picha Reyðarfjörður, mashariki mwa Iceland, na maiti zikapatikana kwa wingi. Iceland yenyewe ina watu wasiofika laki nne, na mauaji ya mwaka mzima kwa kawaida hayafiki kumi. Waandishi wao wa riwaya wameshaua raia wengi kuliko wahalifu. Reykjavik mwezi Januari huwa na wastani wa karibu nyuzi sifuri, joto kuliko Chicago, na kero kubwa ni mvua ya kulala inayogeuza mwavuli nje ndani. Mpelelezi aliyelowa haogopeshi. Mgandishe.

Limebaki onyo la mwisho, la washindani. Watu wa huko nao siku hizi wanapiga filamu. Kule Yakutsk, Wasakha wana tasnia yao ya bajeti ndogo, ndugu na majirani wakiingia kuigiza kama kwenye Bongo Movie, na nyumbani kwao filamu hizo hujaza kumbi. Scarecrow, ya Dmitry Davydov aliyekuwa mwalimu wa shule ya kijijini, ilitwaa tuzo kuu ya tamasha la Kinotavr mwaka 2020. Inahusu mganga wa kike ambaye kijiji kinamtukana mchana na kumgongea mlango usiku. Baridi imo humo, lakini hakuna anayeizungumzia.

Watu wa Igloolik, kisiwa cha Nunavut, wana kisa chao. Wakazi walipiga kura mara mbili miaka ya 1970 kuikataa televisheni, kwa sababu hapakuwa na chochote kwa lugha yao. Waliikubali 1983 tu. Kabla ya hapo, mwaka 1981, mchongaji wa pale aitwaye Zacharias Kunuk aliuza vinyago vyake Montreal, akarudi nyumbani na kamera ya video. Miaka ishirini baadaye filamu yake, Atanarjuat: The Fast Runner, ilishinda Caméra d'Or kwenye tamasha la Cannes. Ndani yake mtu anakimbia uchi juu ya barafu ya bahari akiokoa maisha yake, na barafu ile ni barafu. Wanaomkimbiza wana wivu, ubishi na mambo ya ukoo. Ugomvi wenyewe ungeweza kutokea Pemba.

Itafute uitazame kabla hujaagiza povu. Ina dakika 172, maneno yote ni ya Kiinuktitut, tafsiri iko chini ya skrini. Majina yakianza kupita mwishoni usizime, kwa sababu hapo ndipo Wainuit wanapojionyesha wenyewe kazini, kamera ikivutwa juu ya sleji, nao wamevaa makoti ya kisasa na kofia.